Mabamba nyuma ya magurudumu: wakati gani yanafaa, wakati gani ni hatari



Katika numero hii sisi wa Mekanike tulipewa nafasi ya kujibu ulizo moja ambalo tunaulizwa mara mingi, tena si na wanafunzi peke yao. Mtu anaona motokari imesimama, magurudumu yake yanatoka inje ya karoseri kuliko ilivyo kawaida, anauliza: ile motokari iko na nini? Na mimi nikitaka kufanya vile kwa yangu, ni vizuri ao ni hatari? Jibu la neno moja haliko. Tutaeleza kazi inavyokwenda, na kila mmoja atajihesabia mwenyewe.

Kati ya kitovu cha gurudumu na janti panawekwa kipande cha chuma cha mviringo chenye matundu ya buloni. Kinaweza kuwa chembamba cha milimeta 3 ao 5, kinaweza kuwa kinene cha milimeta 30 na zaidi. Mafundi waliojifunza kazi kwa Kifaransa wanakiita elarjisere. Sisi hapa tutasema bamba tu. Kazi yake ni moja: kusukuma gurudumu inje. Ukitia bamba la milimeta 30 kila upande, upana kati ya magurudumu mawili unaongezeka kwa milimeta 60.

Juu ya nini watu wanalitaka? Wengine juu ya uzuri wa macho, na hao hatutakaa nao sana. Wengine wametia pine kubwa kuliko ile ya kwanza, na sasa inasugua resori ao amortisere. Wengine wamenunua janti za motokari ya namna ingine, zinagusa freni. Kuna vilevile sababu moja ya kweli ambayo watu wa njia za matope wanaijua sana. Land Cruiser 70 zenye moteri V8 ya dizeli, zilizoanza kutoka mwaka 2007, zilipanuliwa upande wa mbele ili ile moteri kubwa iingie, lakini ekseni ya nyuma ikabaki nyembamba. Tofauti ni milimeta 95. Ndiyo maana katika matope magurudumu ya nyuma hayafuati mfereji ambao yale ya mbele yamekwisha kuchimba. Yanachimba mfereji wao, na motokari inavutwa huku na huku. Mwenye motokari anafikiri: nikitia bamba nyuma, mambo yatakuwa sawa. Hesabu yake si mbaya. Lakini tazameni ni bamba la unene gani: 95 gawa kwa 2, ni milimeta 47,5 kila upande. Hilo si jambo dogo, na tutaona sababu.

Kwanza tuulize: ni kitu gani kinachoshika gurudumu? Wengi wetu katika kalasi tulijibu: gujoni, yaani ile misumari yenye nyuzi inayotoka katika kitovu. Tulifikiri motokari inaninginia juu ya gujoni nne sawa koti juu ya msumari. Si vile. Gujoni haikutengenezwa kubeba uzito kwa ubavu. Kazi yake ni kuvuta. Ekru inapokazwa, gujoni inanyoshwa kidogo sana sawa kauchu, na kwa sababu inataka kurudi, inabana janti juu ya uso wa kitovu. Ule mbano, pamoja na msuguano wa nyuso mbili, ndio unaoshika gurudumu lisiteleze.

Wa kalasi ya 5 wachukue kalamu. Kwa motokari ndogo nyingi za Toyota zenye gujoni ya milimeta 12, momenti ya kukaza ekru ni 103 niutoni-meta. Kwa nyuzi kavu, mbano ni momenti gawa kwa 0,2, gawa tena kwa kipenyo cha gujoni katika meta. 103 gawa kwa 0,2 gawa kwa 0,012 inatoa karibu niutoni 43 000. Ni sawa na uzito wa zaidi ya tani 4 kwa gujoni moja tu! Kwa gujoni nne ni tani 17. Hata tukichukua msuguano kidogo wa 0,15, inahitaji nguvu ya zaidi ya tani 2,5 ili janti iteleze, na gurudumu moja la Probox iliyobeba linachukua kama kilo 400 ao 450. Kwa hiyo hakuna hofu, kama mbano uko.

Lakini ule mbano ni kitu chepesi kupotea. Fanyeni hesabu ingine: gujoni ya milimeta 12, urefu unaovutwa milimeta 40, nguvu niutoni 43 000. Inarefuka kama sehemu moja ya kumi ya milimeta. Basi! Tani nne zote zinakaa ndani ya sehemu moja ya kumi ya milimeta, na kama sehemu inayovutwa ni fupi, inakuwa chini zaidi. Sasa fikirini rangi iliyopakwa juu ya bamba, ao kutu juu ya kitovu, ao matope yaliyokauka. Unene wake unaweza kuwa uleule. Siku ya kwanza ekru inakaza vizuri, kle inagoma, shofere anafurahi. Kisha kilometre makumi kadhaa, ile rangi na kutu vinapondwa na kutoka, gujoni inarudi katika urefu wake, na mbano unakwisha. Hakuna mtu aliyefungua ekru. Ekru iko palepale. Lakini haibani tena. Kutoka hapo gurudumu linaanza kucheza, gujoni zinapigwa kwa ubavu, na zinakatika moja kwa moja.

Ndipo tunafika kwenye shida ya bamba. Gurudumu bila bamba liko na nyuso mbili zinazokutana. Ukitia bamba, nyuso zinakuwa nne. Kila mahali panapokutana nyuso panaweza kuwa na uchafu.

Mabamba yako ya namna mbili, na mtu asiyachanganye.

La kwanza ni lile jembamba linalovishwa tu juu ya gujoni za motokari, kisha janti inakuja juu yake. Halina ekru zake. Hatari yake ni kwamba linakula nyuzi: bamba la milimeta 10 linaondoa milimeta 10 za mahali pa ekru. Iko njia rahisi ya kupima. Zungusha ekru kwa mkono, hesabu inazunguka mara ngapi toka inaposhika mpaka inapogusa janti. Nyuzi zinazoshikana zinapaswa kuwa na urefu usiopungua kipenyo cha gujoni. Kwa gujoni ya milimeta 12, ambayo nyuzi zake ziko mbali kwa milimeta 1,5, ni mizunguko 8. Kwa gujoni ya 14 yenye nyuzi hizohizo, hesabu mizunguko 9 na nusu. Ikipungua, ao ondoa bamba, ao tia gujoni ndefu zaidi. Hapana kusema "inatosha". Kwa motokari sawa Mercedes ao Volkswagen, ambazo haziko na gujoni bali buloni inayoingia katika kitovu, unatafuta buloni iliyorefuka kwa unene wa bamba barabara. Ikiwa fupi, nyuzi hazitoshi. Ikiwa ndefu kupita, ncha yake inaweza kugusa freni kwa ndani.

La pili ni lile nene, lenye kufungwa kwa kitovu kwa ekru zake mwenyewe, kisha lina gujoni zake ambazo janti inafungwa juu yake. Hili nyuzi zote ni nzima. Kwa kawaida halifanywi chini ya milimeta 20 ao 25, sababu ncha za gujoni za motokari lazima zifichame ndani yake. Zikitokeza, janti haitakaa sawa juu ya uso, isipokuwa iwe na mashimo ya kuzipokea. Hapa ubaya ni mwingine. Sasa hauko na ekru nne, uko na nane, na nne kati yazo haziwezi kuonekana mpaka gurudumu liondolewe. Shofere anaweza kukaza zile za inje kila asubuhi, akawa mtu wa uangalifu kabisa, na zile za ndani zimekwisha kulegea. Kwa maoni yetu hii ndiyo hatari kubwa kuliko zote za bamba nene, na wenye kuuza hawaisemi.

Kuna namna ya tatu ambayo si bamba hata kidogo. Tuliiona kwa motokari moja ya taksi iliyoletwa ku atelye yetu. Mwenyewe alikuwa amesema na fundi wa kando ya njia, na yule fundi akamwambia: "Tutatia tu marondele tatu kwa kila gujoni, gurudumu litatoka inje kidogo, haina shida." Nyuma ya janti tulikuta rondele kumi na mbili. Gujoni moja ilikuwa imekatika, ingine imeanza kupasuka, na matundu ya janti yalikuwa marefu sawa yai. Juu ya nini? Sababu rondele hazijazi uso wote, zinaacha hewa katikati. Chuma cha janti kinapinda kidogo kila gurudumu linapozunguka. Pine ndogo yenye mzunguko wa meta 1,8 inazunguka mara 555 katika kilometre moja. Kwa kilometre 100 ni mara zaidi ya 55 000. Chukueni waya, mupinde na kuunyosha, muone kama utafika hamsini.

Tena rondele haina kitu cha kuweka gurudumu katikati. Bamba la kweli liko na tundu la katikati linaloingia kwa kipimo juu ya kitovu, na ukingo unaopokea tundu la janti. Kwa Probox tundu lile ni milimeta 54,1. Kwa Land Cruiser 70 ni milimeta 110. Bamba lenye tundu pana kupita litaingia, ndiyo, lakini gurudumu litakaa pembeni kidogo na motokari itatetemeka. Hesabu ya gujoni vilevile: Hilux na Land Cruiser za zamani ziko na gujoni 6 juu ya mviringo wa milimeta 139,7, Land Cruiser 70 tangu mwaka 1999 ziko na 5 juu ya milimeta 150, Probox 4 juu ya 100. Fundi akikuambia "nitatoboa matundu mengine", mwachie bamba lake.

Juu ya chuma chenyewe: mabamba mazuri yanachongwa katika aluminiamu iliyofuliwa, ao katika chuma kigumu. Yale ya kumiminwa yanapasuka. Wengine wanachongesha bamba kwa mwenye mashine ya tur mjini. Hatuwadharau wachongaji wetu, wengi wana mkono mzuri kuliko mashine za ngambo. Lakini bamba likiwa nene upande mmoja kuliko mwingine kwa sehemu mbili za kumi za milimeta, gurudumu linacheza. Mupime kwa kipimo mahali pengi, si mahali pamoja. Na bamba lililolehemiwa tusilitie hata kwa siku moja.

Sasa rulema. Motokari inapotengenezwa, janti inapewa umbo ili uzito uangukie karibu na katikati ya rulema. Ukisukuma gurudumu inje, uzito unakuwa mwisho wa fimbo. Gurudumu la kilo 450, yaani niutoni 4 500, likisukumwa milimeta 30: 4 500 mara 0,03, ni momenti ya niutoni-meta 135, mchana na usiku, hata motokari ikisimama. Katika shimo, uzito unapigwa mara mbili ao zaidi, na momenti inafuata. Sasa mulete ile 47,5 ya Land Cruiser, tena yenye mzigo nyuma, juu ya njia ya Shabunda. Upande wa mbele kuna jambo lingine: gurudumu likiwa mbali inje, kila jiwe linapogonga upande mmoja linavuta volani katika mikono ya shofere, na rotile zinachoka mbele ya wakati.

Wako wanaosema bamba lolote linaua rulema mara moja. Wanapita kipimo. La milimeta 5 halibadilishi kitu kikubwa. Porsche yenyewe, katika Ujerumani, ilitoa mabamba ya milimeta 5 na 17 kwa motokari zake za 911. Na janti yenye kutoka inje, bila bamba lolote, inafanya fimbo ileile kwa rulema. Kwa hiyo shauri letu kwa mwenye shida ya kweli ni hili: atafute kwanza janti yenye umbo la kutoka inje, iliyofanywa kwa motokari ile. Rulema itaona mzigo uleule, lakini nyuso zinabaki mbili na ekru zote zinaonekana. Katika Australia, ambako Land Cruiser 70 ni nyingi sana, kanuni za kubadilisha motokari zinakataza bamba kati ya janti na kitovu. Wenye pesa wanabadilisha ekseni yote ya nyuma.

Kama mtu amekwisha kuamua bamba, tunamwomba afanye kazi hivi. Aondoe gurudumu, asugue kitovu kwa brosi ya chuma mpaka chuma kionekane, zaidi sana kuzunguka shina la kila gujoni, mahali brosi kubwa haifiki na kutu inabaki. Kama kuna vile vibati vidogo vinavyoshika diski ya freni juu ya gujoni, aviondoe. Aweke bamba kwa mkono bila ekru na ajaribu kulitikisa: likicheza ao likiyumba, halikukaa. Aluminiamu na chuma vikikutana na maji vinashikana sana, kwa hiyo grese kidogo sana juu ya ukingo wa katikati inaruhusiwa. Juu ya nyuso, hapana. Juu ya nyuzi, hapana. Nyuzi zenye mafuta zinapunguza ile 0,2 ya hesabu yetu kufika kama 0,15, na kwa momenti ileile gujoni inavutwa kwa niutoni 57 000 badala ya 43 000.

Akaze kwa kurukaruka, ekru moja kisha ile ya upande wa pili, kwa mara mbili ao tatu, si kumaliza moja mbele ya kugusa ingine. Bamba lenye kufungwa lina momenti yake iliyoandikwa na mtengenezaji, afuate ile. Atazame vilevile uso wa ekru: janti nyingi za chuma zinataka ekru ya mdomo wa mchongoko, na janti nyingi za aluminiamu za Toyota zinataka ekru yenye rondele bapa. Ekru ya mchongoko katika tundu bapa inagusa kwa ukingo mwembamba tu.

Wengi watatuambia: kle ya kupima momenti, tutaitoa wapi? Ni kweli, bei yake ni kali. Lakini chukua kle ya kawaida, pima santimeta 30 toka katikati ya ekru, funga hapo ile mizani ya ndoano wanayopimia nyama sokoni, na uvute sawasawa mpaka kilo 35. Umepata niutoni-meta 103. Fizika ni ileile kwa tajiri na kwa maskini! Kinachoharibu gujoni zetu ni ile desturi ya kutia bomba la meta moja juu ya kle na kupanda juu yake. Mtu wa kilo 70 juu ya meta moja anatoa karibu niutoni-meta 700, mara saba kupita kipimo. Gujoni iliyovutwa vile hairudi tena; inabaki ndefu, haibani, na itakatika siku ingine juu ya mlima, si pale garajini.

Kisha kilometre 50 ao 100, motokari ikiwa imepoa, aondoe gurudumu tena na kukaza zile ekru za ndani, kisha zile za inje. Si kazi ya kuacha. Kisha achore mstari wa rangi unaopita juu ya ekru mpaka juu ya janti, ili akitazama ajue kama imezunguka. Na gurudumu la akiba alijaribu mapema, sababu mara ingine linakataa kukaa juu ya bamba, na si vizuri kujua vile usiku katika mvua.

Ninyi ambao hamuko na motokari, na ndio wengi wetu, mutapanda hizi taksi wakati wa mapumziko, watu tisa na mifuko ya makala juu, mukishuka Ngomo kwenda Kamanyola. Mbele ya kuingia, muzunguke motokari mara moja. Tazameni kama ekru zote ziko. Tazameni kama kuna mistari ya kutu nyekundu inayotoka chini ya ekru sawa machozi; ile ni alama kwamba chuma kinasuguana, ekru haibani. Na mukiwa njiani, sauti ya klo-klo-klo inayoongeza mbio pamoja na motokari na kubadilika katika kona, pamoja na volani inayotetemeka, si redio wala si mzigo. Semeni na shofere kwa heshima, mumwite papa, mumwambie asimame akaze. Wengi watanungunika kidogo na kusimama. Akikataa, mushuke.

Ile gujoni iliyokatika tuliihifadhi. Iko ku atelye, juu ya meza karibu na dirisha, pamoja na rondele zake kumi na mbili. Anayetaka kuiona aje siku ya tatu mchana, kisha masomo. Mutaona nusu ya mahali pa kukatika pamekuwa laini na peusi, pale pasuko lilipokuwa linaendelea polepole, na nusu ingine inang'aa na kukwaruza, pale palipokatika kwa mara moja.

Sisi wa Mekanike